Fundi, weka puti pembeni kwanza

Mashua yangu ni ya tanga, ya faibaglasi, futi 26, na imenizidi umri. Mkuku wake ni wa chuma, umening'inizwa kwa boliti chini ya tumbo. Mwaka huu ulipiga jiwe upande wa Capri Point. Mawe ya Mwanza watu huyapiga picha. Mengine yamekaa chini ya maji yanatusubiri sisi.

Tulipoipandisha nchi kavu, pale mkuku unapokutana na tumbo palikuwa na ufa mwembamba unaotoa machozi ya kutu. Fundi akaupitishia kidole. "Bosi, hapa ni puti na rangi tu. Keshokutwa uko majini."

Nikakataa. Mkuku ukigonga kwa mbele, sehemu yake ya nyuma huinuka na kulisukuma tumbo kwa ndani, kwa hiyo huko ndiko pa kutafuta jeraha. Tukang'oa sakafu, nikaanza kugonga kwa mpini wa bisibisi: ko, ko, ko... pu. Mataruma mawili ya nyuma, zile mbavu za ndani zinazokaza tumbo, yalikuwa yamebanduka, kisu cha jikoni kinapita chini yake bila kukwama. Fundi akanyamaza. Simlaumu, amekulia kwenye mitumbwi ya mbao, na ubao ukivunjika unauona.

Mei 2014 mashua ya Waingereza iitwayo Cheeki Rafiki (ndiyo, rafiki huyu huyu wetu) ilipoteza mkuku katikati ya Atlantiki ikapinduka. Mabaharia wanne hawakupatikana. Wachunguzi walisema huenda kugonga chini kwa siku za nyuma, pamoja na matengenezo yaliyofuata, vilikuwa vimeidhoofisha.

Kwa hiyo tulisaga mpaka tukafika kwenye faibaglasi nzima na kavu, kwa mteremko mrefu: kwa kila milimita moja ya unene, milimita 12 za upana. Resini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi za faibaglasi, ikawa epoksi, maana poliesta haing'ang'anii vizuri kwenye faibaglasi ya zamani. Ghali, ndiyo.

Halafu boliti. Watu huniambia ziwa halina chumvi, kutu itoke wapi? Chuma cha pua hujilinda kwa hewa. Kifungie kwenye maji yaliyotuama ndani ya kiungo, kinaliwa. Moja ilitoka ikiwa nzima juu na chini, katikati imebaki nyembamba kama penseli.

Juzi fundi kanipigia. Kuna mashua nyingine imeletwa, mwenyewe anang'ang'ania puti. Anaomba nimwazime ile boliti.