Laini za Simu Si Watu: Tunapima Nini Mipakani?

Kila zinapotoka takwimu za mawasiliano, idadi ya laini za simu huwa imepanda, nasi wakazi wa Kanda ya Ziwa huzipokea kana kwamba pengo la kidijitali linajiziba lenyewe. Sina ugomvi na hesabu hizo, kwa sababu zinahesabu laini, na laini kweli zipo. Kasoro huanza pale laini inapochukuliwa kuwa ni mtu.

Sirari, mkoani Mara, imepakana na Isebania ya Kenya, na si ajabu kumkuta mfanyabiashara mwenye laini za nchi zote mbili, kila moja kwa wateja na miamala ya upande wake. Kenya inamhesabu, Tanzania inamhesabu tena. Mutukula, kwenye mpaka wa Kagera na Uganda, mambo ni yale yale.

Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, humtambua mtumiaji wa intaneti kuwa ni yeyote aliyeitumia popote katika miezi 3 iliyopita. Kipimo hicho kinafaa kulinganisha nchi na nchi, lakini kinamweka mvuvi anayetazama video kwa bando la siku kapu moja na mhasibu wa Nyamagana. Shirika hilohilo hupima pia stadi, kama vile kuhamisha faili, kutuma barua pepe yenye kiambatisho na kutumia kanuni za hesabu kwenye jedwali, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye habari.

Chukulia steshenari yoyote ya mjini Mwanza wakati wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Mwombaji kutoka Ukara anakaa kwenye benchi, anataja namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, na kijana wa steshenari anajaza fomu, anaskani vyeti, anamfungulia barua pepe na kumtungia nywila, ambayo pengine inabaki kwenye daftari la duka. Mwombaji hakugusa kibodi. Akiulizwa kama ametumia huduma ya mtandaoni, atajibu ndiyo, wala hatakuwa amedanganya.

Sensa ya mwaka 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, hivyo uwezo wa kuuliza kwa kina tunao. Dodoso la mpakani liulize nani alishika kibodi, alilipwa kiasi gani na nywila anayo nani. Tena liulizwe Sirari na Isebania kwa wakati mmoja, ili mwenye laini mbili ahesabiwe mara moja.