Urea yetu ipikwe Naivasha

Kila Mei mama hunipigia simu kutoka Kitale: mahindi yamefika magotini, yanataka mbolea ya kukuzia. Namtumia pesa nikiwa hapa Nairobi, naye anashuka agroveti kuchukua gunia la urea la kilo 50. Mwaka 2022, bei ilipopaa vita vya Ukraine vilipozuka, pesa zilitosha nusu gunia tu. Alitia safu za karibu na nyumba. Zile za nyuma zilibaki na majani ya manjano mpaka mavuno.

Vita viko Ulaya, vinaingiaje shambani kwa mama? Vinaingilia kwenye bei ya gesi. Urea huanza na amonia, na amonia hutaka nitrojeni na haidrojeni; haidrojeni hiyo viwanda vingi huitoa kwenye gesi asilia. Kisha amonia hukutanishwa na kaboni dayoksaidi ndani ya mtambo wa chuma kinene, joto likikaribia nyuzi 180 au 200, na shinikizo likizidi mara 140 lile la hewa ya kawaida. Huzaliwa kabameti ya amonia, nayo ikitokwa na maji inakuwa urea. Isiyogeuka hurudishwa izunguke tena. Kukausha urea nako ni kazi ya makini, maana joto likizidi hutokea biureti, sumu kwa mimea. Njia hii ya wanakemia wa Kijerumani, Bosch na Meiser, ni ya 1922.

Gesi hatuchimbi. Lakini haidrojeni hutoka hata kwenye maji, ukiyapitisha umeme, na nitrojeni imejaa hewani. Kaboni dayoksaidi je? Inachimbwa Kereita, hapo Lari, si mbali na Nairobi, tunainywa kwenye soda! Hupanda pia pamoja na mvuke wa Olkaria, kule Naivasha, unaotoka ardhini na kuzalisha umeme.

Kikwazo ni umeme. Tani moja ya amonia kwa njia hiyo hula kama megawati-saa 10, yaani uniti 10,000, na kwa bei ya tokeni ninazonunua mimi, hesabu haikubali. Ndiyo maana nataka kiwanda kikae ubavuni mwa visima vya Olkaria. Usiku watu wakilala mahitaji ya umeme hushuka, na mvuke mwingine huachiliwa uende zake angani. Umeme wa saa hizo uuzwe kwa bei ya chini, na sehemu ya fedha za ruzuku ya mbolea ijenge mtambo wa kwanza, hata uwe mdogo.

Nikipanda basi la usiku kwenda Kitale, tukifika Naivasha huwa sipati usingizi. Naufikiria mvuke ule, na zile safu za nyuma.