Shule za njia ya Buddha: somo la kwanza ni la mkuu wa shule

Mwaka 2022 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya jaribio kubwa lililohusisha shule 84 na wanafunzi zaidi ya 8,000, wengi wao wa umri wa miaka 11 hadi 14. Walikuwa wanapima mazoezi ya kukaa kimya na kufuatilia pumzi. Asili yake ni tafakuri ya Kibuddha, ingawa darasani yalifundishwa bila dini. Matokeo yaliwavunja moyo wengi: kwa hatari ya sonona, tabia na ustawi wa jumla, watoto waliopewa mazoezi hawakuwa na nafuu yoyote kuliko wenzao walioendelea na masomo ya kawaida. Tangu hapo, ukitaja misingi ya Kibuddha katika uendeshaji wa shule, hakosekani mtu wa kukukatiza: si lilishajaribiwa, likashindwa?

Naona ripoti hiyo imesomwa nusu. Kabla ya kuwafundisha watoto, walimu walipitia mafunzo hayo wao wenyewe. Mara baada ya hapo uchovu wao wa kazi ulikuwa umepungua kidogo kuliko wa walimu wa shule nyingine, na hali ya shule, kuanzia uongozi hadi watu kuheshimiana, ikawa bora kidogo. Nasema kidogo kwa sababu ndivyo takwimu zilivyo, na baada ya mwaka mmoja karibu yote yalikuwa yamefifia. Kilichobaki ni kule kuheshimiana. Nimerudi mara nyingi kwenye sehemu hiyo. Watoto waliolengwa hawakubadilika, lakini watu wazima waliopitia mafunzo ili tu wakafundishe walibadilika, na shule ikasogea pamoja nao. Jaribio moja halithibitishi mengi, na nafuu ndogo isigeuzwe ushindi. Lakini linanifanya niulize kama hatukuwa tunampa dawa asiye mgonjwa.

Thailand, ambako tangu 2003 wizara ya elimu ina mpango wa shule za njia ya Buddha, swali hili lina historia ndefu. Wanafunzi hulelewa kwa nguzo tatu: mwenendo mwema, utulivu wa akili na hekima. Kiongozi ana kipimo chake. Maandiko ya Kithai kuhusu uongozi wa shule hurudi tena na tena kwenye hali nne za moyo zinazoitwa brahmavihara, ambazo kimapokeo humhusu hasa mwenye mamlaka juu ya wengine: mzazi, mwalimu, mkubwa wa kazi.

Metta ni kumtakia mtu heri hata kabla hajafanya la kuistahili. Karuna ni kuguswa na shida yake hadi uinuke kwenda kuipunguza. Hayo mawili kila mkuu wa shule atakuambia anayo. Ugumu unaanzia kwenye la tatu. Mudita ni kufurahia mafanikio ya mwingine, na Kiswahili hakina neno moja la kulibeba, ingawa kinyume chake tunakijua vizuri: kijicho. Ofisi ya walimu si mahali rahisi kwa mudita. Mwalimu kijana akipendwa na wanafunzi na darasa lake likifaulu, wakubwa wake huanza kusema anajikweza. Mkuu aliyeilea mudita humpongeza mbele ya wenzake, akampa nafasi ya kuonyesha anavyofundisha, wala hajihisi amepunguziwa cheo. Hakuna waraka wa wizara unaoweza kuamuru hilo.

La nne, upekkha, ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote, maana wengi hulichukua kuwa ni kutojali. Prayudh Payutto, mtawa na mwanazuoni wa Thailand aliyepewa tuzo ya UNESCO ya elimu ya amani mwaka 1994, amesisitiza kwamba upekkha huenda pamoja na hekima, kwa kuwa ni kutoegemea upande ili haki isimame. Shuleni ni hivi: mtoto wa mfadhili na mtoto wa muuza mboga wamefanya kosa moja, na mkuu anawasikiliza wote wawili kwa sauti ileile.

Wanaopinga wana hoja nzito, na Thailand yenyewe inawapa mifano. Viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2005, lakini visa vya watoto kupigwa havikuisha. Mwaka 2020 kanuni mpya ya wizara ilizilegeza sheria za nywele, shule nyingi zikaendelea kuwabana wanafunzi kwa sheria za zamani, na mwaka huohuo wanafunzi wakainua vidole vitatu, ishara ya kupinga, wakati wa kupandisha bendera. Walichokuwa wanakipinga ni utii unaodaiwa kwa jina la maadili. Kisha Pattani, jimbo lenye Waislamu wengi, mwaka 2018 wasichana wa shule ya serikali iliyojengwa kwenye ardhi ya hekalu walizuiwa kuvaa hijabu. Mzazi Mwislamu akisikia baada ya hapo kwamba shule inaongozwa kwa upendo wa Kibuddha, ana kila sababu ya kuuliza kama upendo huo unamhusu mwanawe. Hoja hii siwezi kuizunguka. Msingi ukishakuwa nembo ya dini ya walio wengi, umeacha kuwa msingi.

Lakini tazameni mifano hiyo yote: aliyekosa metta na upekkha ni nani? Si mtoto.

Kwa miaka mingi walimu wa Thailand walipangiwa zamu za kulinda majengo ya shule, usiku na siku za mapumziko, juu ya kazi yao ya kufundisha. Walilalamika wasisikilizwe, katika shule ambazo sala za asubuhi ni jambo la kawaida. Januari 2024 mwalimu wa kike aliyekuwa zamu peke yake katika shule moja ya Chiang Rai alishambuliwa na kupigwa. Siku chache baadaye baraza la mawaziri likafuta zamu hizo. Karuna ingeweza kuzifuta mapema, siku mkuu yeyote alipokaa na orodha ya zamu mbele yake na kujiuliza mwalimu huyu atalindwa na nani.