Mgogo kwa baiskeli

Swali nililoulizwa mara nyingi zaidi kati ya Dar es Salaam na Iringa lilikuwa hili: "Kaka, nauli imekuishia?"

Mzungu akipita na baiskeli yenye mabegi huku na huku, watoto wanakimbia naye, wakubwa wanampungia mkono, basi. Wanajua yuko kwenye starehe zake. Tangu 2003 kuna msafara wa baiskeli unaotoka Cairo kwenda Cape Town, na hupita kwetu, kwa hiyo macho yameshazoea. Mimi ni habari nyingine. Mtu mzima, mweusi kama wao, kofia ya plastiki kichwani, Kiswahili cha Tabata. Chalinze mama wa mahindi ya kuchoma alitaka kujua kama nimefukuzwa kazi. Doma mzee mmoja aliuliza kama ni nadhiri. Ruaha Mbuyuni kijana muuza vitunguu alinisogelea akashusha sauti: "Unadaiwa?"

Nimesoma masimulizi mengi ya waendesha baiskeli wa safari ndefu. Giza linaingia, mlango unafunguliwa, chakula kinaletwa, mwandishi anashangaa jinsi watu walivyo wema. Sibishi, maana na mimi nimefunguliwa. Ila wenzangu hawa wanaruka mahojiano, na kwangu mahojiano ndiyo ukarimu wenyewe. Wali ni matokeo tu.

Safari ni kilomita kama 500, nikaipiga kwa siku saba mwezi wa Julai. Siyo zote kwa pedali, niseme ukweli: barabara inakata hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50, na pale nilipakia baiskeli kwenye pikapu, kwa sababu simba hajali kama una kofia. Mlima Kitonga niliupanda nikisukuma baiskeli. Malori yanapanda kwa mwendo wa jongoo, na vijana wa pale wananing'inia nyuma yao na baiskeli zao wakipanda bure. Mimi nina watoto.

Jioni ya siku ya sita, kabla ya kufika Ilula, tairi la nyuma likapata pancha ya tatu na viraka nimemaliza. Fundi alikuwa chini ya mti, na beseni lake la maji na pampu ya miguu. Alizamisha tyubu, akaizungusha taratibu mpaka mapovu yakatoka, akaweka alama kwa njiti ya kiberiti. Akanichaji elfu moja. Nikajaribu kupunguziwa, akakataa katakata. Akafuta mikono, ndipo akauliza: "Unalala wapi?"

Naipenda sana ile elfu moja. Kazi yake alilipwa, na ugeni wangu ukaanza upya kwa hesabu nyingine.

Kwao tulimkuta mama yake jikoni. Nikatoa shikamoo, nikaongeza na "kamwene" yangu ya kubahatisha, salamu ya Kihehe. Akanitazama. Mtoto wa nani? Kwenu wapi? Kabila? Nikasema baba yangu ni Mgogo wa Dodoma. Bibi akaweka mwiko chini, akapiga kofi, akaita nyumba nzima: "Njooni muone! Wagogo siku hizi wanakuja kuomba kwa baiskeli!"

Kwa msomaji asiyejua: Wahehe na Wagogo ni watani, na utani huo una ruhusa zake: Mgogo hutaniwa kuwa ombaomba, Mhehe kuwa mla mbwa. Nikamjibu kwamba nimekuja kuhakikisha mbwa wa kijiji bado wapo wote. Kuanzia hapo sikuwa mgeni tena, nilikuwa mtani, na mtani hulala ndani.

Kabla ya ugali kuiva akafika mwenyekiti wa kitongoji na daftari. Kitambulisho cha taifa, namba ya simu, natoka wapi, naelekea wapi. Rafiki yangu mmoja niliyemsimulia alisema huo ni usumbufu. Mimi naona pale mbele kidogo, Lugalo, ndipo tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilipowafagia Wajerumani waliokuja bila hodi. Watu wa njia hii wana haki ya kumuuliza mpita njia anakwenda wapi. Na utaratibu wenyewe ni wa zamani kuliko daftari. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipotia nanga Mogadishu mwaka 1331, wenyeji walikuja na mashua na chakula, kila mmoja akichagua mfanyabiashara na kutangaza "huyu ni mgeni wangu", kisha ndiye anayemuuzia na kumnunulia. Yeye, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, aliambiwa hawezi kulala popote kabla ya kupelekwa kwa sultani. Ile ndiyo ofisi ya kitongoji, ila yake ilikuwa na tambuu na marashi.

Usiku Iringa ni baridi. Nilitengewa maji ya moto ya kuoga, na kuni zile mtu alizibeba kichwani. Nikiwa bafuni nilisikia mtoto akitumwa kwa jirani kuazima blanketi. Nilipoingia kulala niligundua kitanda ni chake. Yeye na binamu zake walijipanga kwenye mkeka, wanacheka chinichini habari za mbwa.

Asubuhi nilitoa noti ya elfu kumi. Bibi hakuipokea, aliitazama tu. "Kwani hapa umeona gesti?" Niliona aibu mpaka masikioni. Mke wa fundi ndiye aliyeniokoa: akanielekeza dukani, nikarudi na sukari kilo mbili na mche wa sabuni, vikapokelewa kwa mikono miwili.

Sasa sikiliza kilichonipata wiki hii. Fundi amenipigia simu. Mpwa wake amepata kibarua Dar, hana pa kufikia, anaomba wiki mbili tu. Nina chumba na sebule, watoto wawili, na mke ambaye aliuliza maswali yote aliyoniuliza bibi pamoja na mengine mapya. Mjumbe wa mtaa nimeshamwambia. Basi linaingia Kituo cha Magufuli Jumamosi jioni, na bado natafuta wa kuniazima godoro.