Sarafu ya Kirumi na Shimo Ilikotoka

Oktoba 2020, sarafu ya dhahabu ya Brutus, mmoja wa waliomuua Julius Caesar mwaka 44 KK, iliuzwa mnadani London kwa pauni milioni 2.7 kabla ya ada. Upande mmoja una kichwa cha Brutus mwenyewe. Upande wa pili una majambia mawili, kofia ya mtumwa aliyeachwa huru katikati yake, na herufi EID MAR, yaani tarehe 15 Machi, siku ya mauaji. Baadaye waendesha mashtaka wa New York walieleza kwamba karatasi za kuthibitisha ilikopitia zilikuwa za kughushi, na Machi 2023 ikarejeshwa Ugiriki. Tangu hapo ni vigumu kuzungumzia ukusanyaji wa sarafu za Kirumi bila kuitaja, na kwa maoni yangu huo ni mwanzo mbaya wa mjadala. Sarafu ya thamani ile haikosi wanasheria na waandishi wa habari wa kuifuatilia. Inayostahili kujadiliwa ni ile nyembamba ya shaba, yenye kutu ya kijani, inayouzwa kwa bei ya chakula cha mchana, kwa kuwa hizo ndizo zinazonunuliwa kwa maelfu bila mtu kuuliza zimetoka wapi.

Wapo wanaotaka ukusanyaji huu upigwe marufuku kwa sababu huchochea uchimbaji wa siri, lakini wakusanyaji wana hoja nzito. Dola ya Roma ilifua sarafu kwa wingi mno, kwa karne nyingi, kutoka Uingereza hadi Misri, na hakuna makumbusho yanayoweza kuzitunza zote. Isitoshe, sarafu hujieleza kwa namna ambayo kigae cha chungu hakiwezi. Chukua ile ndogo ya shaba ya enzi za Constantine, isiyofika gramu tatu. Mbele kuna kichwa cha mfalme na jina lake. Nyuma kuna askari wawili waliosimama, bendera za kikosi zikiwa katikati yao, na maneno GLORIA EXERCITVS, utukufu wa jeshi, yamewazunguka. Bendera zikiwa mbili, sarafu ilifuliwa kati ya mwaka 330 na 335 hivi. Ikiwa moja tu, ni ya baada ya hapo, uzito ulipokwisha kupunguzwa. Chini ya miguu ya askari kuna herufi za mji ilikofuliwa. CONS ni Constantinople, lakini PCONST ni Arles, kusini mwa Ufaransa ya leo, mji ambao wakati huo ulikuwa umepewa jina la Constantina. Ile P ya mwanzo inaonyesha karakana ya kwanza ya mji huo. Anayeanza huona CONST, akakimbilia Constantinople, na kosa lake likawa la kilomita karibu elfu mbili.

Ujuzi wa namna hii haukujengwa na maprofesa peke yao. Makumbusho ya Hunterian ya Glasgow yalitokana na makusanyo ya daktari mmoja, William Hunter, aliyefariki mwaka 1783, na hadi leo watu wasiolipwa hata senti ndio hukesha wakilinganisha picha za sarafu mbili ili kubaini kama ziligongwa kwa muhuri mmoja. Shirika la wataalamu wa sarafu la Marekani, American Numismatic Society, limeweka mtandaoni katalogi ya bure ya sarafu za wafalme wa Roma, iitwayo OCRE, yenye aina zaidi ya 40,000, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuitumia. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba kupenda kwake sarafu ni uhalifu ni kumwonea.

Wanaakiolojia nao hawasemi kwamba sarafu isomwe kidogo. Wanasema kwamba maandishi yake ni sehemu tu ya habari, na sehemu iliyobaki iko ardhini. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunaweza kulielewa hilo kwa haraka: sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa ikiwa Kilwa ni ya kawaida, lakini moja iliyopatikana Great Zimbabwe ni ushahidi wa biashara kati ya pwani na bara. Ingeuzwa bila kutajwa mahali ilipookotwa, ingebaki sarafu ya Kilwa kama nyingine yoyote.

Mfano wa Kirumi unaonishawishi zaidi ni wa Frome, katika jimbo la Somerset, Uingereza. Aprili 2010, mpishi wa hospitali aitwaye Dave Crisp, aliyekuwa akipita shambani na mashine ya kutambua metali, alifikia mdomo wa chungu kikubwa, akaacha kuchimba na kuwaita wataalamu. Chungu kilikuwa na sarafu 52,503, zenye uzito wa kilo 160 hivi. Kwa kuwa zilitolewa tabaka kwa tabaka, iligundulika kwamba nyingi ya zile za karibuni zaidi, za mfalme Carausius, zilikuwa katika nusu ya chini ya chungu. Kwa hiyo huyo aliyezifukia hakuwa akiongeza akiba mwaka hadi mwaka. Zilimiminwa kwa mkupuo, na ndipo wengine wakapendekeza kwamba ilikuwa sadaka kwa miungu. Crisp angezichota zote kwenye magunia, kila sarafu ingetambulika vilevile, lakini habari hiyo isingejulikana kamwe.

Kuna wafalme wawili wanaoonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko hoja yoyote ya kinadharia. Mwaka 1900, huko Ufaransa magharibi, ilijitokeza sarafu yenye jina la Domitianus, mtu aliyejitwalia ufalme kwa muda mfupi mnamo 271 na ambaye waandishi wa kale hawakumtaja ila kwa kupita. Wengi waliiona ya bandia. Mwaka 2003 chungu cha sarafu zipatazo 5,000 kikapatikana Chalgrove, karibu na Oxford, kikafikishwa British Museum kikiwa hakijavurugwa, na zilipokuwa zikibanduliwa moja moja akatokea Domitianus wa pili, aliyegongwa kwa muhuri uleule. Ubishi ukaisha, na Domitianus akathibitika kuwa aliwahi kufua sarafu kwa jina lake.

Sponsianus hakubahatika hivyo. Sarafu zake za dhahabu zilisemekana kupatikana Transylvania, katika Romania ya leo, mwaka 1713, bila maelezo ya kutosha kuhusu mahali wala namna zilivyofukuliwa. Mwaka 2022 watafiti walichunguza kwa darubini ile iliyoko Hunterian na kudai kwamba mikwaruzo na udongo ulioganda juu yake vinaonyesha ni ya kale. Wataalamu wengine wakakataa, wakisema kwamba imetengenezwa kwa kumimina kwenye kalibu badala ya kugongwa, na kwamba maandishi yake si ya Kirumi. Nadhani hao wa pili ndio wenye hoja yenye nguvu. Hata hivyo ubishi hauishi, kwa sababu hakuna shimo la kurejea.

Tazama lakini kwamba Frome na Chalgrove ziligunduliwa na watu binafsi wenye mashine. Hapo ndipo msimamo wa kupiga marufuku kila kitu unapokwama. Italia na Ugiriki, ambako kitu cha kale kikifukuliwa ni mali ya serikali, hazijafanikiwa kukomesha uchimbaji wa usiku. Ratiaria, mji wa Kirumi kando ya Danube nchini Bulgaria, umeharibiwa vibaya na wezi, na baadhi yao walitumia tingatinga. Kwa upande wa pili, England na Wales zina sheria ya mwaka 1996 inayomlipa mgunduzi wa hazina, pamoja na mpango wa kusajili vitu vya kale vinavyookotwa na watu binafsi, uitwao Portable Antiquities Scheme, ulioanza 1997, ambao umesajili vitu zaidi ya milioni 1.5. Wapinzani husema kwamba malipo huvuta watu kuchimba pasipo haja, na hawakosei. Lakini tukilinganisha na tingatinga, mimi naona ni gharama inayovumilika.

Ninaposhindwa kuwatetea wakusanyaji ni kwenye zile sarafu zisizosafishwa, zinazouzwa kwa mafungu zikiwa bado na udongo, eti ni njia nafuu ya mgeni kujifunza. Makusanyo ya zamani huwa yameshasafishwa. Udongo mbichi ni dalili kwamba sarafu imetoka ardhini karibuni, na muuzaji akiandika tu kwamba imetoka Balkani, eneo pana la kusini-mashariki mwa Ulaya, amekwisha kukiri kwamba hajui au hataki kusema. Sheria ya Uingereza yenyewe ina pengo hapa: hazina huanzia sarafu mbili za dhahabu au fedha zilizokuwa pamoja, au kumi za shaba, zenye zaidi ya miaka 300, hivyo ile moja iliyookotwa peke yake kwa kawaida husajiliwa kwa hiari tu. Nyumba za minada zingeweza kuliziba pengo hilo bila kusubiri bunge, kwa kukataa sarafu yoyote iliyopatikana karibuni England au Wales isiyo na namba ya usajili, na kuichapa namba hiyo kwenye katalogi kando ya uzito na kipenyo.