Mashine ya kujazia risasi: anza na ile ya polepole

Anayetaka kuanza kujaza risasi zake mwenyewe nyumbani, yaani kulipa ganda lililokwisha kupigwa fataki mpya (kiwashio kidogo cha kwenye kitako), baruti na kichwa, huwa ameshaichagua mashine kabla hajaomba ushauri. Ameiona kwenye video: ile inayozunguka yenyewe na kutema risasi moja kila mkono wake unapovutwa. Anachotaka kwangu ni baraka tu. Basi simpi. Mashine ya kwanza iwe ya hatua moja, nzito, isiyo na madoido.

Ya hatua moja ina tundu moja la kufungia kalibu, yaani kile kifaa cha chuma kinacholirudisha ganda kwenye umbo au kushindilia kichwa. Unafanya kazi moja kwa maganda yote, unabadilisha kalibu, unaanza tena kutoka ganda la kwanza. Ipo ya kichwa cha kuzungusha, ambayo hubeba kalibu zote kwa pamoja ili usihangaike kufungua na kufunga. Na ipo ya mfululizo, ndiyo hiyo ya kwenye video: maganda kadhaa yamo ndani kwa wakati mmoja, kila moja kwenye hatua yake.

Sikatai kwamba ya hatua moja inachosha. Chukua risasi 50 za bastola. Utavuta mkono mara 50 kung'oa fataki za zamani na kurudisha maganda kwenye umbo lake, mara 50 kupanua midomo, mara 50 kushindilia vichwa. Hapo hujapachika fataki mpya wala hujagusa baruti. Anayeanza akipata risasi 50 kwa saa amejitahidi, wakati mwenye mashine ya mfululizo anahesabu mamia.

Lakini hebu fikiria kinachotokea ndani ya hiyo ya mfululizo. Mkono mmoja unashuka, na kwa mpigo huohuo ganda hili linanyooshwa, lile linapokea baruti, jingine linapachikwa kichwa. Mgeni ana macho mawili tu, na hajui hata ayaelekeze wapi. Ganda likipita bila baruti, fataki peke yake inatosha kukisukuma kichwa mpaka katikati ya mtutu na kukiacha humo. Mpigaji akisikia mlio hafifu, akadharau, akafyatua ya pili, mtutu unaweza kupasuka mikononi mwake. Ganda likipata baruti mara mbili ni balaa jingine, na hilo halitoi hata onyo.

Kwenye hatua moja, maganda yote 50 yamesimama wazi kwenye kibao chake yakiwa na baruti, na vichwa bado. Namulika kwa tochi, napita safu kwa safu. Lenye kina tofauti na wenzake linajitangaza lenyewe. Siweki kichwa hata kimoja kabla ya ukaguzi huo, na kama kuna mtu anaongea nami wakati huo, simjibu.

Kuna jambo lingine ambalo video haiwezi kuonyesha, nalo ni mkono kujifunza kuhisi. Siku zangu za mwanzo nilisahau kulipaka mafuta ganda moja la bunduki. Liliingia kwenye kalibu kwa kusuasua, nami nikaongeza nguvu badala ya kusimama. Lilipofika juu, likagoma kutoka. Nikang'ang'ana, ukingo wa kitako ukachanika, kishikio cha ganda kikashuka kitupu, ganda likabaki juu limenasa kama kizibo. Mchana mzima uliishia kwenye kutoboa kitako na kuling'oa kwa skrubu. Tangu hapo mkono wangu unajua ganda kavu linavyojisikia, na ninasimama kabla halijazama nusu. Kwenye mashine yenye hatua tano zinazotembea pamoja, ule uzito wa ziada ungefichwa na kelele za hatua nyingine.

Sasa ukienda kuchagua, tazama fremu kwanza. Iliyofungwa pande zote, kama herufi O, haipindi unaposhindilia maganda makubwa ya bunduki. Iliyo wazi mbele, kama C, inapisha vidole vizuri, ila ikiwa nyepesi hujikunja kidogo, na huko kujikunja utakukuta kwenye vipimo vya urefu wa risasi. Mimi nachagua chuma cha kusubu na O. Halafu meza. Watu hutumia pesa yote kwenye mashine, kisha wanaifunga kwenye meza inayoyumba!

Uliza pia juu ya nyuzi za tundu, ile mikato ya skrubu inayoshika kalibu. Kipimo kilichozoeleka ni kipenyo cha inchi 7/8 chenye nyuzi 14 kwa inchi, na ndicho kinachokuruhusu kutumia kalibu za mtengenezaji mmoja kwenye mashine ya mwingine. Dillon Square Deal B, mashine moja ya mfululizo, kwa mfano, haifuati mkondo huo. Inataka kalibu zake yenyewe. Ni sawa kama unajua hivyo kabla ya kulipa.

Na fataki zilizotumika zinaangukia wapi? Swali hili linaonekana dogo mpaka siku unapozikuta chini ya kiti, zimetapakaa pamoja na vumbi lake jeusi. Vumbi hilo kwa kawaida lina risasi, ile madini, na ni sumu. Napenda mashine inayozipitisha ndani ya mchi, ile nguzo inayopandisha ganda, hadi kwenye bomba na chupa. Hata hivyo, nawa mikono, na chakula kisikaribie meza hiyo.

Pesa ikibaki, iende kwenye mizani, si kwenye mashine kubwa zaidi. Baruti hupimwa kwa greni, na greni moja ni takriban gramu 0.065. Mashine mbovu itakupa risasi zilizopinda. Mizani inayodanganya inaweza kukutoa jicho. Viwango vyenyewe vitoke kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa vichwa, si kwa rafiki wa rafiki.

Anayeshindana kwa bastola na kumaliza mamia ya risasi kila wiki anaweza kunipuuza, mradi ameshafanya kazi hii kwa mkono muda wa kutosha. Na kila mtu aulizie sheria ya kwake kabla ya mashine. Marekani, sheria ya serikali kuu haimdai leseni anayejaza kwa matumizi yake mwenyewe, ila akianza kuuza, inamdai. Kwingine hata fataki na baruti hazinunuliki bila kibali.

Mimi mwenyewe nina ya mfululizo siku hizi. Ile ya kwanza haijaondoka mezani. Nimeifunga pembeni, na kazi yake kubwa sasa ni kung'oa vichwa vya risasi nilizozikosea kwenye hiyo nyingine.