Mwali na Mwili

Kazi yangu ni kuwawekea watu nyimbo kwenye flashi. Kibanda kipo Mwanjelwa, Mbeya: kompyuta moja, spika mbili, na bango linalosema TUNAWEKA NYIMBO AINA ZOTE. Hilo neno "zote" ndilo lililoniponza.

Siku moja nilinunua diski ya kompyuta ya mtumba, na mwenyewe huko Ulaya hakuwa ameifuta. Nilitegemea filamu. Nikakuta maelfu ya nyimbo za wazungu wa miaka ya 1980 wanaoimba kama watu waliofiwa na waliodaiwa kwa pamoja, zimepangwa folda ndani ya folda: posti-panki, koldiwevu, dakiwevu, indastrio, i-bi-em, nyu biti. Mwanzoni niliona zote ni kitu kimoja tu, mashine inagonga, mtu analalamika. Lakini Mbeya ikifika Julai, saa mbili usiku kila mtu yuko chini ya blanketi, utafanya nini? Nikasikiliza. Baada ya miezi miwili nikawa nazitofautisha, na hapo ugonjwa ukaingia.

Aliyeumia zaidi ni kijana wangu wa kazi. Anafagia, namsimamisha: sikiliza, hii ni koldiwevu ya Wafaransa, gitaa la besi limetangulia, ngoma ya mashine ni nyembamba kama kijiko kwenye sufuria, mwimbaji yuko mbali kama amefungiwa stoo. Sasa hii nyingine ni i-bi-em. Besi inatoka kwenye sinthesaiza, noti zilezile zinazunguka bila kuchoka, teke la ngoma kila pigo, na mwimbaji haimbi, anaamrisha.

"Bosi," anasema, "mbona inatembea taratibu hivi?"

Namsamehe. Amekulia kwenye singeli, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. I-bi-em yenye 120 kwake ni wimbo wa kuagia marehemu.

Ili naye azielewe, folda nikazipa majina ya Kiswahili. Koldiwevu ikawa BARIDI, dakiwevu GIZA, indastrio VIWANDA. I-bi-em, kwa kuwa maana yake ni muziki wa kielektroniki wa mwili, ikawa MWILI. Na kwenye kompyuta hiyohiyo zilikuwepo folda zinazonilisha: INJILI, ZILIPENDWA, TAARABU, na MWALI, yaani nyimbo za kumwingiza bi harusi ukumbini.

Wewe umeshaona. Mimi sikuona.

Kuna mama mmoja wa Soweto ya hapahapa Mbeya, mteja wa siku nyingi, mtaa mzima tunamwita Shangazi. Alikuja Ijumaa jioni na flashi nyekundu. Sendofu ya binti wa kaka yake ni kesho.

"Mwanangu, niwekee za kuingilia mwali. Ziwe za heshima, wazee wanakuja kutoka Tukuyu."

"Shikamoo Shangazi, ondoa shaka."

Nikaburuta folda huku nimemgeukia kijana, namfafanulia kwa nini dakiwevu si koldiwevu. Shangazi akalipa elfu tatu, na kwa wema wake akaniachia kadi ya mwaliko. Laiti angekuwa na roho mbaya kidogo.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Akina mama wamevaa magauni ya kung'aa yenye masweta ndani, akina baba wamevaa suti na kofia za sufu. Bibi mzaa baba wa mwali amewekwa meza ya mbele, amejifunga vitenge viwili na blanketi la kijani juu yake. Mimi nilikaa nyuma, karibu na pilau. Taa zikapunguzwa. Mlango ukafunguliwa, mwali na wapambe wanane wamejipanga, mguu wa kulia mbele, wanasubiri wimbo.

Kikaanza kitu kama trekta linalokataa kuwaka. Halafu likawaka. Du-du-du-du, du-du-du-du, na juu yake mwanamume mwenye sauti ya mgambo akafoka.

Mwali aligandia pale mlangoni, mguu hewani. Wapambe wao walikuwa wamefanya mazoezi wiki tatu na walikwishaambiwa lolote litakalopigwa wasisimame, basi wakaanza kwenda. Kwa mapigo yale hakuna namna nyingine ya kwenda: walipiga kwata. Wasichana wanane wa rangi ya pichi, mikono inapanda na kushuka, wakampita mwali na kumwacha peke yake mlangoni kama mzigo uliosahaulika stendi.

MC alikuwa mzoefu. "Mabibi na mabwana, mwali wetu anaingia kijeshi! Hii ni tekno, moja kwa moja kutoka Ujerumani! Vigelegele!"

Vikatoka viwili.

Sasa nisikilize. Hakuna mtu ukumbini aliyejua kwamba mimi ndiye niliyeweka zile nyimbo, isipokuwa Shangazi, na Shangazi alikuwa jikoni anahesabu soda. Ningekula pilau yangu na kuondoka. Lakini amesema tekno. Na amesema Ujerumani. Nilihisi kitu kinapanda kooni. Nikameza. Kikapanda tena. DJ akasimamisha wimbo atafute mwingine, ukumbi ukawa kimya, MC akarudia, "Wajerumani hawana utani!"

"SI TEKNO!" Nikajisikia nimesimama. "Ni i-bi-em! Tena ya Ubelgiji!"

Watu mia mbili wakageuka. MC, mshenzi yule, akaniletea maiki. "Kumbe tunaye mtaalamu. Karibu mtaalamu, utueleze."

Mtu mwenye akili angesema samahani. Mimi nilisema, "Asante MC. Kwanza kabisa, tekno ni ya Detroit, Marekani." Nikamtaja Juan Atkins, mmoja wa waanzilishi wake. Wakati huo mlango wa jikoni ukafunguka na Shangazi akatokea na kreti ya soda mikononi. Nikaeleza kwamba jina la i-bi-em Ralf Hütter wa kundi la Kraftwerk alilitumia mwaka 1978. Shangazi akaweka kreti chini. Nikasema Front 242 wa Ubelgiji wakalishika mwaka 1984. Shangazi alikuwa ameshaipita keki. Nikaona niruke miaka.

"Na hao Wabelgiji," nikasema harakaharaka, "baadaye DJ mmoja wa Antwerp alichukua santuri ya A Split-Second, ya kuchezwa kwa mizunguko 45 kwa dakika, akaicheza kwa 33! Ikapoteza robo ya mwendo, watu wakaipenda, ikazaliwa nyu biti!"

Shangazi akaninyang'anya maiki. Alichonieleza hakikupita kwenye spika, namshukuru Mungu.

Lakini DJ wetu, kijana mmoja mpole mwenye kofia ya Yanga, alikuwa ananisikiliza. Ndiye mtu pekee aliyewahi kunisikiliza mpaka mwisho. Akaurudisha wimbo uleule, akashika kitufe cha mwendo, akakishusha hadi chini. Trekta likawa linapanda mlima. Yule mgambo sauti ikazama, akawa kama mzee wa kanisa anayesoma matangazo. Du... du... du... du. Mwali akashusha mguu. Akapiga hatua, akasubiri, akapiga nyingine, shela inafuata taratibu nyuma yake. Kwa kweli alipendeza. Vigelegele safari hii vilitoka kila kona, na wapambe wakarudi mbio kumpokea.

Bibi akaniita kwa kidole. Nikaenda nikapiga goti.

"Mjukuu wangu, umesema maneno mengi," akasema. "Ile ya kwanza ilikuwa mashine ya kukoboa. Hii sasa ni ya kusaga. Ya kukoboa inarusha pumba, watu wanakaa mbali. Ya kusaga watu wanasogea na ndoo zao. Bi harusi haingizwi na kukoboa."

Ningebisha, maana kwa haki ilikuwa i-bi-em iliyopunguzwa mwendo tu, na hiyo haitoshi kuiita nyu biti, mpaka uangalie na... Nikasema, "Ndaga, bibi," yaani asante kwa Kinyakyusa.

Shangazi alitaka elfu tatu yake. Nikampa noti ya elfu tano na sikusubiri chenji.

Jumapili nilifungua kibanda mapema, nikafungua ile folda kuangalia ni wimbo gani hasa wa Front 242 uliokuwa wa kwanza kwenye orodha. Haukuwa wa Front 242. Ulikuwa wa DAF, wa mwaka 1981. DAF ni watu wa Düsseldorf. Spika za ukumbi zilikuwa zinapasuka, nikasikia amri nikadhani najua lugha ya anayeamrisha. Düsseldorf iko Ujerumani, na imekuwepo hukohuko siku zote.

Saa nne akaja MC na flashi yake. Ana sendofu mbili mwezi huu, moja Uyole, moja Tukuyu, na wateja wameusikia ule wimbo, wanautaka.

"Niwekee ile ya Ubelgiji," akasema. "Ile ya kusaga."

Kijana wangu akaacha kufagia, akanitazama, anasubiri.

Nikamwekea. Elfu mbili.